Habari za Ascanio Sobrero wa Torino

Ascanio Sobrero alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1812 katika mji wa Casale Monferrato, nchi ya Piemonte, wakati nchi hiyo ingali chini ya himaya ya Napoleon, na dola moja ya Italia haijakuwa ila matamanio ya watu wachache. Na kama ilivyokuwa ada ya zama zile, kijana aliyeonekana kuwa na akili ya vitabu alielekezwa kwenye utabibu, kwa kuwa tabibu hakosi riziki. Basi aliusoma utabibu huko Torino, akahitimu, wala hakuushughulikia sana baada ya hapo. Aliyemvuta upande mwingine alikuwa ami yake, Carlo Raffaello Sobrero, afisa wa mizinga aliyepanda hadi cheo cha jemadari, ambaye katika ujana wake alisafiri hadi Stockholm kusoma mbele ya Berzelius, imamu wa wanakemia wote wa wakati ule, na aliporudi akawekwa kuisimamia maabara ya kemia katika ghala kuu la silaha la mfalme. Nyumba ya namna hiyo, ambamo shura na kiberiti na makaa vilizungumzwa kama vile nyumba nyingine zinavyozungumza bei ya nafaka, ndiyo iliyomtengeneza Ascanio. Naye aliyafahamu mambo ya baruti kabla hajajua kuwa maisha yake yatafungamana nayo.

Mwaka 1840 alikwenda Paris, akaingia katika maabara ya Théophile Pelouze. Bwana huyu alikuwa amekwisha kuonyesha, miaka michache nyuma, kwamba karatasi na pamba na wanga vikichovywa katika asidi ya nitriki iliyo kali hubadilika tabia, vikawa ni vitu vishikavyo moto kwa haraka ya ajabu. Lakini aliliacha jambo hilo pale pale, kama mtu aliyebisha hodi asingoje jibu. Kutoka Paris, mwaka 1843, Sobrero alivuka kwenda Giessen, Ujerumani, kwa Justus von Liebig, ambaye naye katika ujana wake alikuwa ameyachungua mafulmineti, zile chumvi za fedha na zebaki zipasukazo kwa kuguswa tu. Kwa hiyo aliporejea Torino mwaka 1845, na kupewa kazi ya kuwafundisha mafundi na wahandisi kemia itumikayo katika sanaa na viwanda, alikuwa amepita mikononi mwa mabwana wawili waliokuwa na elimu ya vitu vya hatari kuliko wengi wa zama zao, na mmoja wao, Pelouze, alikuwa akiandikiana naye kama mwanafunzi na mwalimu wake.

Haukupita mwaka ila habari moja iliitikisa Ulaya. Christian Schönbein, mwanakemia wa Basel, alitangaza mwaka 1846 kwamba amepata pamba isiyo tofauti na pamba nyingine kwa macho, lakini ikiwashwa hulipuka bila moshi na kwa nguvu ipitayo baruti. Alichokuwa amekifanya ni kuchanganya asidi mbili, ya nitriki na ya salfuriki, ile ya pili ikiyanyonya maji ili ile ya kwanza ifanye kazi yake bila kizuizi. Majeshi ya Ulaya yalimkimbilia Schönbein; viwanda vikajengwa upesi, na baadhi yake vikaruka angani upesi vile vile. Sobrero hakuifuata pamba. Akili yake ilikwenda kwenye swali lililo pana zaidi, nalo ni hili: ikiwa pamba na karatasi hugeuka hivi, je, vitu vingine vya asili ya mimea na wanyama navyo vitageukaje? Akaanza kuvijaribu kimoja kimoja: mana, yaani ile sukari itokayo katika utomvu wa miti, ikampa kitu kilipukacho, sukari za aina nyingine nazo vivyo hivyo, mwisho akafika kwenye gliserini.

Gliserini ilikuwa kitu kinyonge. Scheele wa Uswidi aliipata mwaka 1779 kwa kuyachemsha mafuta ya zeituni pamoja na oksidi ya risasi, na Chevreul wa Ufaransa akaipa jina kwa sababu ya utamu wake; baada ya hapo ilikuwa ni maji mazito yaliyobaki katika kazi ya sabuni na mishumaa, hayana mnunuzi wa maana. Wote waliopata kuikutanisha na asidi kali waliona mchanganyiko ukichemka wenyewe na kutoa moshi mwekundu, na gliserini ikaharibika yote. Sobrero aliishinda tabia hiyo kwa baridi na subira, na alipoyamimina yale aliyoyapata katika maji mengi, mafuta mazito yalizama hadi chini ya chombo. Aliyaita piroglicerina. Sisi leo twayajua kwa jina la nitrogliserini.

Mwezi wa Februari 1847 aliiarifu Akademia ya Sayansi ya Torino, na barua yake kwa Pelouze ikasomwa mbele ya Akademia ya Paris. Mtu akizisoma habari hizo leo, jambo limshangazalo si mlipuko bali ni jinsi mwandishi wake alivyobaki tabibu. Kwa desturi ya wanakemia wa wakati ule, ambao ulimi wao ulikuwa chombo cha kazi sawa na mizani, Sobrero aliyaonja mafuta yale: akaona utamu, kisha ukali, kisha harufu ya manukato, na kiasi kidogo tu kilichogusa ulimi kilimletea maumivu ya kichwa makali, kama ya kipandauso, yaliyodumu saa nyingi. Alimpa mbwa, akaona mnyama yule akitoka povu na kutapika, na kushikwa na ugonjwa uliomfikisha kwenye mauti. Akaandika kwamba yeyote atakayeyashika mafuta haya na ajihadhari nayo, kwanza kwa sababu ya sumu yake. Mlipuko nao aliutaja, lakini hakuuweka mbele.

Nao mlipuko ule haukuwa na mfano. Ili msomaji aelewe tofauti, na akumbuke kwamba baruti ya kale ni mchanganyiko: shura ndiyo ibebayo oksijeni, na makaa na kiberiti ndivyo viunguavyo, na moto hauna budi kutembea kutoka chembe hata chembe, ndiyo maana baruti husukuma risasi katika mtutu wala haiuvunji. Katika nitrogliserini, kiunguacho na kiunguzacho vimefungwa pamoja ndani ya molekuli moja, havina mwendo wa kwenda kukutana. Mshindo ukipita, huyapita mafuta yote kwa mwendo wa zaidi ya mita 7,000 kwa sekunde, na kila yalipo hugeuka hewa yenye joto kali kabla jicho halijakupesa. Baruti ikiwekwa wazi juu ya jiwe huungua na kuacha masizi; mafuta haya hulivunja jiwe. Tone moja ndani ya bomba la kioo lilitosha kumpasukia Sobrero mwenyewe, likamjeruhi mikono na uso, na makovu yale alizeeka nayo.

Baada ya hapo alifanya jambo ambalo waandishi wengi wamelieleza kwa namna isiyoniridhisha. Husemwa kwamba aliogopa, akaificha siri yake. Lakini siri gani, naye amekwisha kuichapisha katika miji miwili? Alichokifanya ni kutoiendeleza. Alikuwa na kitu kilichokuwa na nguvu nyingi mno na utii mdogo mno: pengine kilitiwa moto kikaungua polepole bila kishindo, pengine kilitikiswa tu kikaua, na mtu aliyefunzwa na jemadari wa mizinga alijua vema kwamba kilipukaji kisichotii amri si silaha wala si zana, bali ni balaa. Mji wake wenyewe ulikuja kupata funzo la namna hiyo. Tarehe 26 Aprili 1852 kiwanda cha baruti cha Borgo Dora, Torino, kililipuka na kubomoa mtaa, na lau si sajini mmoja, Paolo Sacchi, aliyeingia motoni na kuliondoa blanketi lililokuwa likiwaka karibu na mapipa mengine ya baruti, habari ingalikuwa mbaya maradufu. Hiyo ilikuwa ni baruti ya kawaida, iliyozoeleka kwa karne nyingi. Sobrero hakuhitaji kuhadithiwa mafuta yake yangalifanya nini mahali pale.

Basi aliendelea na maisha ya mwalimu. Aliandika kitabu kikubwa cha kemia ya sanaa na viwanda, akafundisha katika shule ya wahandisi iliyowekwa ndani ya kasri la Valentino kando ya mto Po, akawa katibu wa Akademia ya Torino. Nitrogliserini kwa miaka kadhaa ilibaki mikononi mwa wachache, hasa watu wa tiba: Constantine Hering wa Philadelphia alivutwa na yale maumivu ya kichwa, akawa akiwapa watu matone yaliyozimuliwa mno na kuandika jinsi mapigo ya moyo yanavyobadilika.

Mlango mwingine ulifunguliwa Urusi. Wakati wa vita vya Crimea, huko St. Petersburg, profesa Nikolai Zinin aliwaonyesha Immanuel Nobel, mtengenezaji wa mabomu ya baharini, na mwanawe Alfred, tone la nitrogliserini juu ya fuawe. Akalipiga kwa nyundo, na ile sehemu iliyopigwa tu ndiyo iliyopasuka. Alfred Nobel, ambaye naye alikuwa amepata kupita katika maabara ya Pelouze huko Paris miaka kadhaa baada ya Sobrero kuondoka, hakuusahau mshindo ule. Yeye aliona lile ambalo Sobrero hakulitafuta: kwamba mafuta haya hayangoji moto, yangoja pigo, na kwamba mtu akiweza kuyapa pigo kwa wakati autakao, yatakuwa mtumwa wake. Tangu 1863 hadi 1865 alilitengeneza pigo hilo, kwanza kwa kiasi kidogo cha baruti, kisha kwa fataki ya shaba iliyojazwa fulmineti ya zebaki, ile chumvi ambayo Liebig aliichezea alipokuwa kijana. Kwa maoni yangu fataki hii ni uvumbuzi mkubwa kuliko ile dainamaiti iliyompa Nobel umaarufu, maana vilipukaji vyote vikuu vya baadaye viliamshwa kwa njia hiyo.

Lakini mafuta yenyewe yalikuwa hayajatii. Tarehe 3 Septemba 1864 karakana ya akina Nobel huko Heleneborg, Stockholm, ililipuka ikaua watu kadhaa, mmoja wao Emil, mdogo wake Alfred. Mwaka 1866 ndio uliokuwa mwaka wa msiba: mwezi wa Aprili meli iitwayo European, iliyokuwa na shehena ya nitrogliserini, ililipuka katika bandari ya Aspinwall, pwani ya Panama, ikaua watu makumi, na kabla nusu ya mwezi haijapita tangu siku hiyo, sanduku lililokuwa likivuja lilipasuka katika ofisi ya wasafirishaji mizigo mjini San Francisco, likaua watu wapatao kumi na watano, baada ya kujaribiwa kufunguliwa kwa nyundo na patasi na watu wasiojua lina nini. Tena mafuta haya huganda katika baridi isiyo kali sana, kiasi cha digrii 13, na wachukuzi wakawa wakiyayeyusha karibu na moto kama watu wayeyushao samli. Mwaka 1869 Uingereza ilipitisha sheria ya kuizuia nitrogliserini ya maji maji. Kufikia hapo, hata hivyo, Nobel alikuwa amepata dawa yake: mwaka 1867 aliyanywesha mafuta udongo mwepesi wenye matundu mengi, sehemu tatu za mafuta kwa sehemu moja ya udongo, akapata donge linaloweza kuviringwa katika karatasi, kuangushwa na kubebwa, lisilolipuka ila kwa fataki. Hiyo ndiyo dainamaiti.

Manufaa yake yalionekana milimani, karibu kabisa na nyumbani kwa Sobrero. Handaki la reli la Fréjus, litokalo Piemonte kuingia Ufaransa, lilianza kuchimbwa mwaka 1857 kwa baruti ya kale na kukamilika mwaka 1871, nalo lilikuwa na urefu wa kilomita kumi na mbili na ushei. Handaki la Gotthard, lililoanzwa mwaka uliofuata huko Uswisi, lilichimbwa kwa dainamaiti. Lilikuwa refu zaidi, kilomita kumi na tano, na likafunguliwa mwaka 1882. Majabali yalipasuliwa kwa haraka, na wafanyakazi nao walikufa kwa wingi, ingawa si wote kwa mlipuko. Maradhi, maji na maporomoko yalichukua sehemu yao.

Katika hali hiyo Sobrero, aliyekuwa akikaribia miaka sitini, alisimama mbele ya Akademia yake kukumbusha kwamba mafuta haya ni yeye aliyeyapata mwanzo. Wako walioligeuza jambo hili kuwa kisa cha kudhulumiwa: mnyonge wa Italia, tajiri wa Uswidi. Siwezi kuliafiki hilo, kwa kuwa Nobel hakupata kukana kwamba mvumbuzi wa nitrogliserini ni Sobrero, na alipojenga kiwanda cha dainamaiti huko Avigliana, mwendo mfupi kutoka Torino kwenye njia hiyo hiyo ya reli iendayo Fréjus, alimfanya Sobrero mshauri wake na kumlipa malipo ya kila mwaka. Mwaka 1879 sanamu ya kichwa na mabega ya Sobrero ilisimamishwa kiwandani humo. Ni heshima ya kweli; ila yahitaji mtu mwenye moyo wa namna gani, kukubali taadhima ya kusimamishiwa sanamu katikati ya kiwanda cha kitu kile kile alichowaonya watu nacho!

Na moyo wake haukutulia. Aliandika kwamba akiwafikiri wote waliouawa katika milipuko ya nitrogliserini, na maangamizi yaliyotendwa na yatakayoendelea kutendwa, nusura aone haya kukiri kuwa yeye ndiye mvumbuzi wake. Maneno hayo hunukuliwa mara nyingi, na aghalabu hukatwa hapo. Hali Sobrero hakuishia hapo, bali alijipa faraja kwa kusema kwamba kitu hiki, lau si yeye, kingalipatikana kwa mtu mwingine bila shaka. Hoja hiyo ilikuwa sahihi kwa kipimo cha kemia: baada ya Pelouze na Schönbein, njia ilikwisha funguliwa, na gliserini ilikuwa ikimwagwa katika kila kiwanda cha mishumaa cha Ulaya. Kama hoja hiyo ilimtosheleza kwa kipimo cha dhamiri, hilo ni baina yake na Mola wake. Chupa ya nitrogliserini aliyoitengeneza kwa mikono yake mwaka 1847 iliwekwa Avigliana, imefunikwa maji, na mafundi wa kiwanda wakawa wakiiangalia kila baada ya muda kama imeharibika, haikuharibika. Mwenyewe aliacha kazi ya kufundisha mwaka 1882, akafariki Torino tarehe 26 Mei 1888.

Sasa turudi kwenye ulimi wake. Wafanyakazi wa viwanda vya dainamaiti waliijua habari aliyoiandika Sobrero bila ya kumsoma: kila Jumatatu, baada ya mapumziko, vichwa viliwauma hadi wakalala chini, na kufika katikati ya wiki mwili umekwisha zoea, wengine wakatia chembe za kitu hicho katika utepe wa kofia zao siku za mapumziko, ili mazoea yasikatike. Kilichokuwa kikiuma ni mishipa ya damu iliyotanuka. William Murrell, tabibu wa London, alikigusa kizibo cha chupa kwa ulimi wake, akahisi moyo na mishipa yake ikidunda mwili mzima, akafahamu kwamba kitanuacho mishipa huenda kikawafaa watu wenye maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Mwaka 1879, mwaka ule ule wa sanamu ya Avigliana, alichapisha matokeo yake katika jarida la The Lancet. Tangu siku hizo nitrogliserini, kwa kiasi kidogo mno, huwekwa chini ya ulimi wa mgonjwa wa moyo, na maumivu huondoka kwa dakika chache. Mwaka 1896 matabibu walimwandikia dawa hiyo Alfred Nobel mwenyewe, naye akamwandikia barua rafiki yake akistaajabia kejeli ya majaaliwa. Majuma machache baadaye akafa huko San Remo, katika nchi ya Sobrero. Sababu ya dawa kufanya kazi haikujulikana hata miaka ya 1970, ilipobainika kwamba mwilini hutoa hewa ya oksidi ya nitriki iilegezayo misuli ya mishipa. Na mwaka 1998 Wamarekani watatu, Furchgott, Ignarro na Murad, walipewa tuzo ya Nobel ya tiba kwa kuifafanua kazi ya hewa hiyo, fedha zake zikitoka katika urithi wa dainamaiti.

Ajabu ni kwamba jina la Sobrero halikushikamana na kitu hata kimoja kati ya hivi. Mwaka 1851 aliyaweka mafuta ya tapentaini pamoja na maji juani, yakamtolea fuwele nyeupe ambazo hazikumletea sifa wala majuto. Miaka arobaini baadaye, yeye akiwa kaburini, Henry Armstrong na William Pope walizichunguza upya huko London, wakaziita sobreroli kwa kumkumbuka. Zilikuja kuwa dawa ya kulainisha makohozi, na huko Italia zimeuzwa katika maduka ya dawa kwa watu wenye kikohozi.